Kimemo cha Mbunge na Mlango wa West Point



Kuna hoja moja imekuwa ikirudi kila tukikaa, na mimi nimeivumilia vya kutosha. Inasema hivi: Marekani sasa wamefuta upendeleo katika vyuo vyao vya kijeshi, anaingia anayestahili tu, wakati Burundi na Kenya bado wanahesabu makabila. Basi na sisi tujifunze. Anayeisema kwa kawaida ni msomi, mtu mwenye shahada zake, na anaisema kwa uhakika kabisa kama vile amekwenda West Point akauona mlango wenyewe. Nataka tuutazame mlango huo.

Kwanza khabari yenyewe kwa ufupi, kwa ambaye hakuifuatia. Juni 29, 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilivikataza vyuo vikuu kuangalia rangi ya mwombaji, katika kesi ya Harvard na mwenzake wa North Carolina. Lakini Jaji Mkuu Roberts akaweka tanbihi, ya nne, kwamba hukumu haivigusi vyuo vya kijeshi kwa kuwa huenda vina maslahi ya aina yake. Tanbihi ile ndogo ndiyo iliyoleta kesi zilizofuata. Kundi lile lile lililoishitaki Harvard likaishitaki West Point Septemba 2023, na Oktoba likaishitaki Annapolis, chuo cha wanamaji. Desemba 2024 Jaji Bennett wa Baltimore, ambaye aliteuliwa na Bush mdogo na si mtu wa mrengo wa kushoto hata kidogo, akaipa Annapolis ushindi. Ushindi wenyewe haukufika hata miezi miwili. Januari 2025 ukaingia utawala mpya na amri zake, rangi ikaondolewa katika udahili wa vyuo vyote vya jeshi, na Agosti 2025 kesi ya West Point na ile ya chuo cha anga cha Colorado Springs zikamalizwa kwa maafikiano. Ndipo jamaa zetu wakapata kusema: mmeona? Sasa wamebaki wanaostahili.

Haya. Tuanze na mtoto wa miaka kumi na saba ambaye anataka kuwa ofisa. Tuseme wazazi wake wametoka Tanga, yeye kazaliwa Maryland, raia, hajaoa, hana mtoto, afya anayo. Masharti hayo yote ni ya lazima. Amefaulu skuli vizuri, anakimbia, kapteni wa timu. Akitaka Harvard, anajaza fomu na kuituma. Akitaka West Point, fomu haitoshi. Lazima awe na barua ya pendekezo, na anayetoa barua hiyo ni mwanasiasa: mbunge wa wilaya yake ya uchaguzi, au mmoja wa maseneta wawili wa jimbo lake, au Makamu wa Rais. Rais naye ana fungu lake, lakini hilo ni la watoto wa wanajeshi waliotumikia muda mrefu. Pasipo barua hakuna kuingia, hata ungekuwa na alama za ajabu.

Kwetu jambo hili lina jina lake na kila mtu analijua: kimemo. Tofauti ni kwamba kimemo cha kwetu kinapita chini ya meza na hiki cha Marekani kimeandikwa katika sheria.

Kila mbunge na kila seneta ana haki ya kuwa na makadeti watano kwa wakati mmoja katika kila chuo. Mmoja akimaliza au akishindwa, nafasi inarudi kwake, naye anapeleka orodha ya majina kumi na kitu. Hapa ndipo ningependa wenye hoja wasikilize vizuri, kwa sababu sheria inampa mbunge njia tatu za kuipanga orodha hiyo. Anaweza kuiacha wazi, chuo kichague aliye bora. Anaweza kutaja mmoja wa kwanza na wengine washindane kuwa wa akiba. Au anaweza kuwapanga wote kwa namba, wa kwanza mpaka wa mwisho, kama anavyopenda mwenyewe. Akimtaja wa kwanza, na huyo wa kwanza akawa ametimiza masharti ya chini ya masomo, afya na viungo, chuo kinalazimika kumchukua. Wa nne katika orodha akiwa anamshinda kwa kila kitu, haimsaidii katika nafasi hiyo. West Point wana hesabu yao ya alama, sitini kwa mia masomo, thelathini uongozi, kumi nguvu za mwili, nayo ni hesabu nzuri tu. Lakini hapo hesabu inasubiri nje mpaka mheshimiwa amalize kupanga orodha yake.

Kwa hiyo tunapoambiwa "ushindani wa kitaifa" tujue kinachosemwa. Sehemu kubwa ya udahili ule ni mashindano madogo madogo 535, kila moja na mwamuzi wake, na kila mwamuzi na kanuni zake. Wengine wana kamati za wastaafu wa jeshi zinazowasaili vijana kwa haki kabisa, nimezungumza na watu waliokaa katika kamati kama hizo na sina shaka na nia zao. Wengine wanaachia karani wa ofisi. Sheria haimdai mbunge aeleze kwa nini amempendekeza huyu na kumwacha yule.

Na hayo mashindano madogo hayalingani. Chukueni Wyoming. Katika sensa ya 2020 ilikuwa na watu kama 577,000. Ina mbunge mmoja na maseneta wawili, kwa hiyo inaweza kuwa na makadeti kumi na watano kwa wakati mmoja katika kila chuo. California, watu milioni 39 na nusu, wabunge 52 na maseneta wawili, makadeti 270. Pigeni hesabu: Wyoming ni nafasi moja kwa watu elfu thelathini na nane, California moja kwa watu laki na nusu hivi. Mtoto wa Wyoming ana nafasi karibu mara nne ya mwenzake wa Los Angeles kabla hawajafungua daftari. Halafu nendeni Washington yenyewe, mji mkuu, ambao una watu wengi kuliko Wyoming, laki sita na tisini hivi. Hauna seneta, una mjumbe mmoja asiyepiga kura, na makadeti wake ni watano. Watano, dhidi ya kumi na watano wa Wyoming. Puerto Rico, watu milioni tatu na zaidi, raia wa Marekani na damu yao imemwagika katika vita vya nchi ile, wana sita. Mtu akitaka kujua wakazi wa Washington na Puerto Rico wana rangi gani na wa Wyoming wana rangi gani, atazame mwenyewe, mimi sisemi.

Huu ni mgawo, ndugu zangu. Ni kota. Tena si ya jana: ni tangu mwaka 1843 ambapo Kongresi iliweka katika sheria kwamba kila wilaya ya uchaguzi ipate kadeti wake. Na waliuweka kwa sababu ya maana. West Point ya wakati ule ilikuwa inatuhumiwa kuwa chuo cha watoto wa wakubwa, na nchi ilikuwa inaogopa jeshi ambalo maofisa wake wote wanatoka upande mmoja na ukoo mmoja. Wakasema ofisa atoke kila pembe ya nchi, ili jeshi liwe la nchi nzima. Mimi hoja hii naikubali. Ninachouliza ni kwa nini hoja ile ile, ikisemwa na Mrundi au Mkenya, inageuka kuwa ukabila na kutokuelimika.

Historia ya kimemo hiki inachekesha na inaliza. Mwaka 1839 kijana wa Ohio alipata nafasi kupitia mbunge Thomas Hamer, ambaye alikuwa amekosana na baba wa kijana kwa siasa lakini akakubali. Mheshimiwa hakulijua hata jina la huyo anayempendekeza. Kijana alikuwa Hiram Ulysses Grant, barua ikaandikwa Ulysses S. Grant, na jina la makosa likamshika mpaka akawa jenerali na Rais. Dwight Eisenhower, mtoto wa familia ya kawaida wa Abilene, aliipata nafasi kwa sababu Seneta Bristow wa Kansas aliamua mwaka 1910 kufanya mtihani. Akatokea wa pili katika waliotaka West Point, na seneta akampa. Seneta yule angeamua kutofanya mtihani, hakuna sheria iliyomkataza.

Lakini anayenigusa mimi zaidi ni Benjamin O. Davis mdogo. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi, mmoja wa Weusi wachache sana wenye cheo. Mtoto alitaka West Point. Nani atampa barua? Katika Kongresi nzima ya miaka ile alikuwamo mbunge mmoja tu Mweusi, Oscar De Priest wa Chicago. Basi ilibidi Davis ahesabike ni mkazi wa Chicago, na De Priest ndiye aliyempendekeza. Akaingia mwaka 1932. Miaka minne wenzake hawakusema naye ila kwa shughuli za kazi, alilala peke yake chumbani na kula bila ya mtu kumsemesha, makusudi, ili aondoke mwenyewe. Hakuondoka. Alimaliza 1936, wa 35 katika 276, akaja kuwaongoza marubani wa Tuskegee vitani na mwaka 1954 akawa jenerali wa kwanza Mweusi wa jeshi la anga.

Watu wakisimulia habari ya Davis wanasimulia ile kimya ya miaka minne. Mimi natazama barua. Hakukuwa na sheria iliyomkataza Mweusi kuingia West Point. James Webster Smith aliingia 1870, Henry Flipper alimaliza 1877. Mlango ulikuwa wazi katika karatasi kwa zaidi ya miaka hamsini, na bado kijana mwenye akili ile, mtoto wa ofisa, alikuwa na mtu mmoja tu katika Kongresi yote wa kumwandikia. Ukitaka kumzuia mtu huhitaji kumfelisha. Inatosha asiwe na wa kumpendekeza.

Sasa turudi kwenye kesi. Rangi ilikuwa inaangaliwa wapi hasa? Ilikuwa pembezoni: katika barua za mapema kwa baadhi ya waombaji, katika zile nafasi za kujaza darasa baada ya orodha za wabunge kwisha, na katika kuchagua nani apelekwe mwaka mmoja kwenye skuli ya matayarisho. Walalamikaji waliposema wanataka ushindani safi, wasioguswa na kitu chochote zaidi ya sifa, walizishambulia hizo pembe. Mlango mkubwa wenyewe, barua ya mbunge, hawakuugusa. Hakuna aliyesimama mahakamani akasema: mteja wangu wa Los Angeles amedhulumiwa kwa kuwa hakuzaliwa Cheyenne. Kwa nini? Mtu wa sheria atasema katiba inakataza rangi na haikatazi jiografia, na kisheria ni kweli. Lakini mimi sizungumzi sheria hapa, nazungumza neno "sifa". Mtu hawezi kulishika neno hilo kama upanga anapomwona kijana Mweusi na kulirudisha alani anapomwona kijana wa Wyoming.

Na upande wa pili nao nina maneno nao. Hoja kubwa ya watetezi, iliyoanza kusikika kwa nguvu mwaka 2003 pale majenerali wastaafu walipoiandikia Mahakama ya Juu katika kesi ya Michigan, ni Vietnam. Jeshi la wakati ule lilikuwa na askari wengi Weusi na maofisa karibu wote Weupe, na likakaribia kuvunjika. Oktoba 1972 katika manowari Kitty Hawk mabaharia walipigana kwa rangi baharini, katikati ya vita. Majenerali wale si watu wa maandamano, na wakisema kwamba ofisa ambaye askari wake hawamwamini ni hatari kwa nchi, nawasikiliza. Jaji Bennett aliwasikiliza pia. Ila hoja hii ikishakubaliwa, inauliza swali ambalo watetezi hawakulipenda: kama uwiano wa maofisa ni suala la usalama wa taifa, kwa nini umeachiwa nafasi chache za mwisho, na zile nyingi za mwanzo zikabaki mikononi mwa wanasiasa 535 wasioulizwa kitu? Kituo kimoja cha sheria cha Connecticut kinachowasaidia wanajeshi wa zamani, kikishirikiana na wanafunzi wa sheria wa Yale, kilichapisha mwaka 2019 na tena 2021 takwimu za mapendekezo ya wabunge, na zilionesha kwamba wasichana, Weusi na wenye asili ya Kilatini wanapendekezwa chini sana ya idadi yao. Wabunge wa vyama vyote viwili. Wale wale wanaotoa hotuba nzuri juu ya usawa. Mtu kuikosoa West Point ni rahisi; kukiri kwamba ofisi yako mwenyewe ndiyo iliyobana, hilo ni gumu.

Kuna ithibati ndogo kwamba barua hii si ya lazima hata kidogo. Chuo cha walinzi wa pwani, kule New London, hakidai barua ya mbunge. Anayetaka anaomba, wanashindanishwa nchi nzima, wanachukuliwa. Meli zao zinakwenda na hakuna aliyesema maofisa wao ni hafifu.

Mei 2025 Wizara ya Ulinzi ikatoa maagizo ya udahili wa sifa tupu: waombaji wapangwe kwa alama, rangi na jinsia visitazamwe. Sawa. Halafu ndani ya maagizo yale yale, ruhusa ya kuzipa uzito alama kwa kipaji cha pekee cha michezo. Nilicheka peke yangu. Maana kila anayeishi huku anajua mechi ya Army na Navy ni nini, na makocha wanatafuta watu wao mapema wakiwa bado skuli. Wenyewe wanasema mwanamichezo anafaa vitani, na huenda anafaa, simbishii. Lakini tukishakubali kwamba chuo cha kijeshi kinaweza kutazama zaidi ya mtihani kwa sababu ya mahitaji ya jeshi, basi tumeshatoka kwenye "sifa tupu", na kilichobaki ni kubishana juu ya mahitaji yapi. Hao ndio wanaoambiwa Warundi wawaige.

Na sasa Burundi, kwa kuwa ndiyo iliyonikera hata nikaandika.

Ndugu zetu wa Buyenzi na Kigobe wataisimulia vizuri kuliko mimi, lakini wasomaji wengine huenda hawakumbuki. Baada ya jaribio la mapinduzi la Oktoba 1965 maofisa wa Kihutu waliuawa au kufukuzwa. Mwaka 1972 wakauawa Wahutu kwa maelfu juu ya maelfu, hasa waliosoma, wakiwamo wanafunzi na wanajeshi waliobakia. Kuanzia hapo jeshi likawa la Watutsi, na si la Watutsi wote, la upande mmoja. Micombero aliyechukua nchi 1966, Bagaza aliyempindua 1976, Buyoya aliyempindua Bagaza 1987: marais watatu mfululizo, wote maofisa, wote kutoka tarafa moja, Rutovu, mkoa wa Bururi. Tarafa moja! Mtu aniambie uwezekano wa jambo hilo kutokea kwa ushindani wa sifa ni kiasi gani. Na hali mitihani ilikuwapo. Chuo cha maofisa cha Bujumbura, ISCAM, kilikuwa chuo cha kweli chenye masomo ya kweli. Waliotoka pale hawakuwa wajinga. Kila mmoja wao angeweza kukuonesha alama zake.

Juni 1993 Ndadaye akachaguliwa, Mhutu wa kwanza, kwa kura safi. Miongoni mwa yaliyowatia hofu wenye jeshi ni kwamba milango ya uandikishaji itafunguliwa. Oktoba 21, 1993 wanajeshi wakamuua. Vita vilivyofuata vinakadiriwa kuua watu laki tatu, na wengi wa waliokimbia tuliwapokea Kigoma na Kasulu, wengine wamo humu pamoja nasi.

Kwa hiyo walipokaa Arusha, kwanza na Mwalimu Nyerere na alipofariki na Mandela, hawakuwa wanacheza na hesabu za makabila kwa kupenda ukabila. Mkataba wa Agosti 28, 2000 ulisema kabila lolote lisizidi asilimia 50 ya jeshi, ili pasiwepo tena mauaji wala mapinduzi. Makubaliano ya Pretoria ya 2003 yakagawa vyeo, asilimia 40 ya maofisa kwa waasi wa FDD na 60 kwa jeshi la zamani. Katiba ya 2005 ikaiweka ile asilimia 50 kwa muda utakaoamuliwa na Seneti. Watu waliokuwa wakiuana jana wakalala bweni moja. Mtafiti Cyrus Samii alichapisha mwaka 2013 utafiti aliofanya kwa wanajeshi wenyewe, na alikuta kwamba waliobaki katika jeshi lililochanganywa walikuwa na chuki kidogo kuliko walioachwa nje. Kwa nchi iliyotoka pale ilipotoka, hilo si dogo.

Sisemi kwamba kota imewaponya. Baada ya jaribio la mapinduzi la Mei 2015, maofisa wengi wa lile jeshi la zamani walikimbia, wengine waliuawa, na namba zikawa zinatimia katika karatasi huku watu wenyewe wanaogopana. Na kuna kitu ambacho kota ya kabila haikioni kabisa: mtoto wa kanali. Mhutu akihesabiwa Mhutu na Mtutsi akihesabiwa Mtutsi, hakuna safu katika fomu inayouliza baba yako nani. Kenya nako, Katiba ya 2010, kifungu cha 241, inataka uongozi wa jeshi uakisi mikoa na makabila yote ya nchi. Maneno mazuri, lakini mtoto wa mkulima wa Lamu na mtoto wa brigedia aliyezaliwa Lamu wote ni "Lamu". Hapa ndipo wakosoaji wa kota wangekuwa na hoja ya kweli kama wangeitaka. Badala yake wanatuletea West Point, mahali ambapo mbunge anaandika barua.

Tena mtazame vizuri nani anapelekwa nje kutoka nchi za nje. Sheria ya Marekani inaruhusu wageni hadi 60 kwa wakati mmoja katika kila chuo, na anayewapendekeza ni serikali ya nchi yao. Somoza mdogo wa Nicaragua, mtoto wa dikteta, alimaliza West Point 1946 akarudi kumiliki nchi. Hun Manet, mtoto wa Hun Sen, alimaliza 1999 na tangu Agosti 2023 ndiye waziri mkuu wa Cambodia baada ya baba yake. Upande wa Uingereza, Sandhurst imempitisha Muhoozi Kainerugaba wa Uganda na, mwaka 2022, Ian Kagame wa Rwanda. Sisemi hawakufaulu mafunzo, mafunzo ya Sandhurst hayana huruma na mtoto wa mtu. Nauliza tu orodha ya waliopendekezwa ilikuwa na majina mangapi.

Basi mimi kwa rai yangu, ningependa mjadala wa kwetu uachane na lile swali la kota au sifa, maana hakuna chuo cha kijeshi nilichokisoma ambacho hakina vyote viwili. Tuulize mambo mengine: orodha inashikwa na nani, inatangazwa au haitangazwi, na aliyeachwa anaweza kuuliza kwa nini. Ningeanza na Warundi kutangaza hadharani, kila mwaka, alama za waliochukuliwa ISCAM na za waliokosa, ndani ya kila fungu. Asilimia 50 ibaki, lakini ndani ya hiyo hamsini washindane mchana kweupe. Hilo halihitaji kubadilisha katiba wala ruhusa ya mtu wa Washington, na nina hakika litawaudhi watu wa makabila yote kwa usawa kamili.

Kwa walioniuliza pembeni upande wa watoto wao: msikatishwe tamaa na niliyoyaandika. Chuo ni bure, kinamlipa mtoto posho, na deni lake ni utumishi wa miaka mitano jeshini baada ya kumaliza, kwa hiyo kaeni naye mzungumze kwa makini kabla hajatia sahihi. Lazima awe raia. Kadi ya kijani haitoshi. Asisubiri darasa la kumi na mbili. Aanze darasa la kumi na moja kuzipigia simu ofisi tatu, ya mbunge na za maseneta wote wawili, aombe fomu ya mapendekezo ya kila moja, na apeleke na ya Makamu wa Rais ikawa ya nne. Kila ofisi ina tarehe yake ya mwisho, nyingi ni kipukutiki. Na mzazi asione haya kumuuliza karani wa mbunge swali hili moja: mheshimiwa anapeleka orodha yenye namba, au anaiacha wazi? Wana wajibu wa kujibu simu za wapiga kura wao, na jibu la swali hilo litawaambia mengi kuliko kijitabu chochote cha chuo.